Tofali la udongo-saruji

Tofali la udongo-saruji ni tofali la ujenzi linalotengenezwa kwa kushindilia udongo wenye mchanga, uliochanganywa na saruji kidogo na maji, ndani ya mashine ya mkono au ya injini. Halichomwi, hivyo huokoa kuni na misitu.

Mashine ya mkono iliyoeneza teknolojia hii, CINVA-Ram, ilibuniwa na mhandisi Raúl Ramírez mjini Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza aina ya matofali yenye vifungo, ambayo hushikana bila kuhitaji udongo au saruji nyingi ya kuungia.

Udongo hupimwa kwanza: hutiwa katika chupa yenye maji, hutikiswa, kisha huachwa utuame. Mchanga hukaa chini, udongo wa mfinyanzi juu. Saruji kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya mchanganyiko. Matofali hufunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, na hukomaa vizuri baada ya siku 28.

Ukuta wake huhitaji msingi imara ulioinuka na paa lenye upenu mpana, kwa kuwa unyevu wa kudumu huudhoofisha.