Hugo van Lawick na Picha za Gombe

Msafiri aendaye Gombe kwa njia ya ziwa hupanda boti katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, pamoja na wachuuzi wa dagaa. Pwani hiyo ya Waha ilionekana Ulaya na Marekani kwa picha za mtu mmoja, Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Surabaya katika kisiwa cha Java mwaka 1937.

Mwaka 1962 Chama cha National Geographic cha Marekani, kwa shauri la Dakta Louis Leakey, kilimpeleka Gombe alikokuwako Bibi Jane Goodall tangu Julai 1960. Alitakiwa kupiga picha za sinema za kuonyeshwa katika mihadhara ya chama. Kazi ilikuwa nzito. Mabonde ya Gombe yana miteremko mikali, mwanga wa msituni ni hafifu, na sokwe wengi walikuwa bado wakimkimbia mtu. Ndizi zilizowekwa kambini ndizo zilizowavuta karibu, wa kwanza akiwa yule aliyeitwa David Greybeard. Ndipo van Lawick akapata kumpiga picha sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti, jambo ambalo Bibi Goodall aliliona mwaka 1960 na ambalo baadhi ya wataalamu walilitilia shaka. Picha ilikata maneno.

Wawili hao walioana mwaka 1964 wakaachana mwaka 1974. Filamu ya mwaka 1965, ambayo msimulizi wake alikuwa Orson Welles, ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani. Baadaye van Lawick alihamia Ndutu, Serengeti, akapata tuzo za Emmy, akatoa filamu ya chui mwaka 1996, akafariki Dar es Salaam mwaka 2002.

Picha zake za Gombe, zaidi ya saa 100, ziligunduliwa upya ghalani mwaka 2014, na Brett Morgen akazitumia katika filamu iitwayo *Jane* ya mwaka 2017. Lakini hazikuwa na sauti, hata milio ya sokwe ilibidi itiwe baadaye. Kwetu sisi tushughulikao na lugha, hasara hii yazidi ya mlio wa sokwe. Rashidi Kikwale aliyemwongoza Bibi Goodall porini hapo mwanzo, Dominic mpishi na Hassan wa boti walikuwa na maneno yao kwa yote waliyoyaona. Sokwe wakabaki na majina ya Kiingereza, nao msimulizi akasema Kiingereza. Hatumlaumu van Lawick: aliagizwa wanyama, na vyombo vya kunasa sauti vilikuwa vizito siku zile.

Bibi Goodall naye alifariki tarehe 1 Oktoba 2025. Waha waliofanya kazi Gombe katika miaka iliyofuata, na watoto wa wale wa kwanza, wangali waweza kuonyeshwa picha hizo na kuulizwa kila kitu walikiitaje: mti, kichuguu, bonde, mwendo wa mnyama. Kazi hiyo ingeanzia Kibirizi na Mwamgongo, na kwa Kiha kwanza.