Brashi, Kipimo na Kichwa cha Mangi Meli

Katikati ya mwaka 1884 aliingia Moshi kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, nyuma yake wapagazi aliowakodi pwani, na ndani ya mizigo yao, pamoja na shanga na vitambaa vya kuwatuliza wakubwa wa njiani, mlikuwamo rangi, brashi na karatasi za kuchorea. Jina lake Harry Johnston. Alikuwa amesomea uchoraji London, lakini waliomtuma mlimani hawakuwa wapenzi wa picha. Walikuwa vyama vya wanasayansi wa Uingereza, waliotaka kujua ni mimea gani, ndege gani na wadudu gani waishio katika nchi ambayo chini ni jua kali na juu ni barafu. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara, alimpokea akampa mahali pa kujenga.

Sisi watu wa visiwani tunaujua Kilimanjaro kwa kuusikia zaidi kuliko kwa kuuona, na katika tungo zetu mlima huo huingia kama mfano wa ukubwa tu. Nami nilikuwa hivyo, mpaka nilipopanda Moshi ya Kale kwa miguu yangu na kuonyeshwa mti. Habari ya mti nitaifikia. Kwanza nataka tuitazame ile brashi ya Johnston, kwa sababu siku hizi tunasikia kwamba wasanii wa zama zetu wamegeukia maabara, darubini na majaribio ya kisayansi ili kupata ilhamu, na jambo hilo husemwa kana kwamba limezaliwa juzi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro picha na sayansi zililala chumba kimoja tangu mwanzo, wala hazikulala salama.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo kwa macho yake akaiandika. Huko London bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika ya Mashariki, akamkanusha hadharani: theluji karibu na Ikweta haiwezekani, mtu yule ameona jiwe jeupe au kadanganywa na macho. Ilibidi Karl Klaus von der Decken aje mwaka 1861 pamoja na mjiolojia Richard Thornton, arudi tena mwaka 1862, ndipo ubishi ukaanza kupoa. Kwa hiyo picha za mwanzo za mlima huu hazikutengenezwa ili zipendeze. Kila mchoro ulikuwa shahidi aliyesimamishwa mbele ya kadhi. Hata Hans Meyer, aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, alihitaji mchoraji: kitabu chake kilipambwa na E. T. Compton, ambaye hakuwamo katika msafara.

Johnston lakini alichora mwenyewe, tena papo hapo. Alikaa mlimani na pembeni mwake kwa muda wa miezi sita hivi, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 kimejaa kazi za mkono wake. Kati ya viumbe aliowapeleka Ulaya mmoja nampenda kuliko wote. Ni ndege mdogo wa jamii ya chozi, mwenye rangi ya kijani ing'aayo na vishungi vyekundu kifuani, aishiye kule juu penye baridi na kufyonza maua ya lobelia kubwa kupita kimo cha mtu. Wataalamu walimpa jina mwaka 1885, wakamwita Nectarinia johnstoni. Nani katika wale walioidhinisha jina hilo alijua kwamba kwa Kiswahili ndege huyo na tone la machozi ni neno moja? Lau wangejua, sidhani kama wangejali. Jina la kisayansi humfuata aliyemkamata ndege, si aliyekuwa akimtazama miaka yote.

Hata hivyo sitaki kumdhulumu Johnston. Jicho lake lilikuwa jicho la kweli. Mwaka 1901, alipokuwa mtawala Uganda, alimchora okapi kwa kutumia ngozi na mafuvu aliyoyapata Kongo, bila ya kumwona mnyama huyo akiwa hai, na mnyama yule akapewa naye jina lake. Lakini mchoraji huyu wa ndege alikuwa pia na mikataba. Urafiki wake na Rindi ukaharibika, akahamia Taveta, na huko mwezi wa Septemba 1884 akawatia wakubwa wa mahali saini ambazo baadaye kampuni ya Kiingereza ilizitumia kudai ardhi. Mkono ulioshika brashi asubuhi ulishika kalamu ya mkataba jioni, na mwenyewe hakuona ajabu.

Rindi alifariki mwaka 1891. Akarithi mwanawe Meli, aliyekuwa bado kijana. Mwezi wa Juni 1892 watu wa Meli waliwashinda Wajerumani katika vita vilivyomtoa roho kiongozi wa kikosi, von Bülow, na mwaka uliofuata gavana von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi, akavunja nguvu za Moshi. Meli akaachwa kutawala chini ya boma. Tarehe 2 Machi 1900, kwa tuhuma za kula njama, alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na wenzake 18. Hapo ndipo ulipo ule mti niliousema. Wazee wa huko wanasimulia, na wamesimulia bila ya kukatika, kwamba kichwa cha Mangi kilitengwa na mwili kikapelekwa Ujerumani.

Kwa nini mtu apeleke kichwa? Hapa tunarudi kwenye sayansi. Katika jumba la makumbusho la Berlin alikuwapo daktari mmoja, Felix von Luschan, aliyewaomba maofisa, askari na madaktari wa makoloni wamletee mafuvu ya watu ili ayapime. Alikusanya maelfu. Na msanii anayejiona hana hatia katika habari hii na asikie lililobaki: Luschan alitengeneza pia kipimo cha rangi ya ngozi, vipande 36 vya kioo vilivyopangwa kutoka cheupe hadi cheusi, ambavyo mpimaji alivisogeza karibu na mwili wa mtu mpaka apate kinachofanana, kisha akaandika nambari. Ni sahani ya mchoraji hiyo, msomaji. Rangi 36 zimepangwa kwa ustadi, nyingine nzuri kuzitazama, na kazi yake ni kumgeuza mtu nambari. Luschan huyohuyo, kabla ya kufa, aliandika kwamba wanadamu wote ni jinsi moja. Ukweli huo haukuyarudisha mafuvu.

Nalitaja jambo moja kando, kwani likiachwa itaonekana kana kwamba watu wa mlimani walikuwa wakitazamwa tu. Wachaga walikuwa na mregho, kijiti kilichochanjwa alama, kilichotumiwa katika mafunzo ya jando. Kila alama ilikuwa na fundisho lake na wimbo wake, na mwalimu alipita kwa kidole alama baada ya alama huku vijana wakiitikia. Mafundisho hayo yalihusu maisha ya mtu tangu tumboni mwa mama. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Moshi ya Kale miaka mingi, aliyaandika mafundisho ya jando kwa wingi. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani kwa vidole tungekielewa kijiti hicho upesi: ni picha, ni elimu ya mwili, na ni utenzi, vyote katika mti mmoja. Pia hakumpima mtu yeyote.

Mwaka 2018, katika jiji lile la Berlin, lilifunguliwa onyesho la picha, sauti na sinema juu ya Mangi Meli na kichwa chake kilichopotea. Walilibuni wasanii wa Kijerumani wa kundi la Flinn Works, akiwamo Konradin Kunze, wakishirikiana na Sarita Mamseri na watu wa Moshi ya Kale, na mahali walipopachagua si ukumbi wa kawaida wa sanaa. Ni jengo la mviringo la karne ya 18, lililojengwa ili wanafunzi wakae juu na kutazama chini mnyama akipasuliwa. Kisha onyesho lilivuka bahari, na Moshi ya Kale nayo ikapata sehemu yake.

Kuna watakaosema: Mjerumani aliuchukua mwili, sasa Mjerumani mwingine anauchukua msiba aufanye sanaa. Nililiwaza hilo njia nzima, kutoka bandarini hadi kituo cha mabasi cha Moshi, na sitajidai nimelimaliza. Naona lakini tofauti moja kubwa kati ya brashi hii na ile ya 1884. Johnston aliitumikia sayansi bila ya kuiuliza swali. Wasanii hawa waliingia ndani ya nyumba yake, wakakalia viti vyake, wakayasoma madaftari yake, halafu wakaigeuzia macho. Kitu kilichowekwa chini pale katikati ili kitazamwe kilikuwa sasa ni ile elimu yenyewe.

Na hawako peke yao. Ukishuka kutoka Kilimanjaro ukaelekea pwani unapita Usambara, na huko, Amani, Wajerumani walijenga mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, ambacho chini ya Waingereza kikawa kituo cha kuchunguza malaria. Mpiga picha wa Kirusi Evgenia Arbugaeva alikwenda huko akatoa mfululizo wa picha mwaka 2015. Maabara imenyamaza, chupa zimepangwa, vitabu vipo, na yupo Mtanzania aliyewahi kuwa msaidizi wa mtafiti wa Kiingereza, akiwa amesimama katikati ya vyombo alivyovitunza. Katika ripoti za utafiti watu kama yeye hushukuriwa kwa mstari mmoja, pengine bila ya jina. Katika picha hizo yeye ndiye mwenye nyumba. Ni nzuri mno picha zile, labda nzuri kupita kiasi, maana ukungu na mwanga wa jioni humsahaulisha mtu kuuliza mshahara ulikuwa kiasi gani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mafuvu ya Luschan yalihama mikono mara kadhaa, na mwaka 2011 yakafika chini ya taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin, ile iitwayo Stiftung Preußischer Kulturbesitz. Watafiti waliyachunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Waliona kwamba 904 yalitoka nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Kati ya hayo manane yalikuwa na maelezo ya kutosha kuanza kutafuta jamaa, ndipo vinasaba vyake vikalinganishwa na vya watu walio hai huko Kilimanjaro. Mwezi wa Septemba 2023 majibu yakatangazwa: mafuvu matatu yamepata watu wake. Sayansi ileile iliyomwondolea mtu jina ndiyo iliyorudi, kwa chombo kikali zaidi, kumtafutia ukoo.

Moja kati ya matatu hayo lilikuwa limeandikwa neno. Neno lenyewe ni "Akida".

Niliposoma hivyo nilikaa kitako. Neno hilo ni letu. Lilitoka Uarabuni likakaa pwani, likawa cheo cha mkubwa wa askari, likapanda bara pamoja na misafara, na Wajerumani walipokuja wakalichukua wakawapa watumishi wao wa utawala. Akida huyu alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli na mchukua silaha wake. Mtu aliyeandika juu ya mfupa hakuandika jina aliloitwa na mama yake. Aliandika cheo, kwa lugha ambayo mimi nawe tunaisoma hapa. Nimefasiri maneno mengi katika maisha yangu, bila ya kupita skuli yoyote ya kufundishia kazi hiyo, na sikupata kukutana na neno la Kiswahili mahali pabaya kama pale.

Kazi ya kufasiri imeniachia pia mzozo mdogo. Taarifa zote huandika "fuvu", na wala si kosa, ndilo neno la kitaalamu. Lakini fuvu ni nduguye kifuu, na kifuu kwetu ni kile kinachobaki nazi ikishakunwa, unakitupa jikoni au unakifanya upawa. Moshi ya Kale sikumsikia mtu akisema fuvu. Walisema kichwa. Kichwa cha Mangi, kichwa cha babu. Isaria Meli, mjukuu wa Mangi, ametumia miaka mingi ya uzee wake akikidai, na sampuli ya vinasaba vyake aliitoa. Majibu ya Septemba 2023 yalipotoka, kichwa cha babu yake hakikuwamo.

Mti upo karibu na lilipokuwa boma. Niliuzunguka mara moja, nikasoma Fatiha kwa wale 19 ingawa dini yao haikuwa yangu, na kijana aliyenipeleka akanyamaza kwa adabu mpaka nilipomaliza. Kisha akanionyesha kwa kidole upande ambao Kibo ingeonekana kama mawingu yangefunguka. Hayakufunguka. Tulipokuwa tukishuka, kwenye ua la mgomba, alikuwapo chozi, wa jamii ya huku chini, mdogo, asiye na vishungi vyekundu.