Nani alituletea imani? Tuongee historia kidogo

Wiki iliyopita kwenye grupu yetu mmoja aliuliza: nani alileta imani kwa watu wetu? Wengi tulijibu haraka, wamisionari. Basi tukaenda kuwauliza wazee wa hapa Dzaleka, tukasoma kidogo pia, tukaona jibu hilo ni nusu tu.

Chukua Uamsho wa Afrika Mashariki. Wamama wengi wa hapa, wa kutoka Rwanda, Burundi na Kivu, wamelelewa ndani yake hata kama jina hilo hawalitumii. Watu hupenda kuanza na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Lakini mwaka 1929 Church alikuwa amechoka kabisa. Akaenda Kampala, na pale Namirembe aliyemtia nguvu ni Mganda, Simeoni Nsibambi. Walikaa wawili, wakasoma Biblia, wakaomba. Hakukuwa na jukwaa wala spika kama zile zetu za Jumapili (si mnazijua!).

Halafu angalia imani ilivyotembea. Blasio Kigozi, aliyekwenda kufundisha Gahini, alikuwa mdogo wake Nsibambi. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi palepale hospitalini. Alipofika Kampala kumwona Nsibambi, alilalamika juu ya hali ya hospitali. Nsibambi akamwambia shida imo moyoni mwake mwenyewe. Kinuka akageuka akiwa njiani kurudi. Kigozi alifariki 1936, bado kijana, lakini mambo yalishaingia Uganda, na yakaenea Burundi, Kenya na Tanganyika.

Jirani walijuaje kwamba mtu ameokoka? Balokole, ndivyo walivyoitwa kwa Kiganda, walirudisha vitu walivyoiba. Walilipa madeni. Mume alimwomba mke wake msamaha watu wakisikia, na hiyo kwetu tunaona ni ngumu kuliko kuhubiri. Mzungu na Mwafrika waliitana ndugu na kula pamoja, wakati wa ukoloni ule.

Sasa hapa ndipo tulipobishana. Nchi ileile yenye Gahini, mwaka 1994, ilijaa makanisa, na watu waliuawa na majirani zao, wengine ndani ya makanisa yenyewe. Walikuwepo waliowaficha jirani, wakalipa kwa uhai wao. Lakini hatuwezi kusema ujirani peke yake unatosha, juu waliouana walikuwa wameazimana chumvi. Mwenzetu mmoja alisema tusiandike hili. Tumeandika.

Mwaka huohuo Dzaleka, iliyokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, ikafunguliwa kuwa kambi. Ilipangwa kwa watu kama 10,000, leo tumepita 50,000. Nyumba zinagusana. Kwenye mjigo tunapanga foleni moja na watu ambao kwetu tulikimbiana, ndoo kwa ndoo.

Waliokuwa Lilongwe wanakumbuka sala za chumba cha nyuma ya duka. Jirani Mmalawi alikuja kwa sababu kwanza alikuwa mteja, alikopeshwa sukari, akasikia wimbo. Mwaka 2023 serikali ikaamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, na vikundi vile vikatawanyika. Kimoja kimeanza tena hapa, kwenye mkeka, nje ya mlango wa mama mmoja.

Mama huyo alituambia kwamba kwa miaka miwili hakumsalimia jirani yake, sababu ya kabila tu. Mtoto wa jirani akashikwa na malaria. Mama akapika uji, akaupeleka, akarudi kwake. Hawakuongea dini hata neno moja. Siku hizi huyo jirani anakuja Jumatano. Anakaa mwisho wa mkeka, upande wa njia, na viatu bado hajavua.