Makontena ya programu: Mwongozo kwa vijana wa kompyuta Masasi na Newala

KATIKA msimu wa korosho wa 2024/25, minada ya zao hilo iliingia mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa wakulima wa Masasi na Newala, wanaouza kupitia vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, malipo na kompyuta sasa ni vitu visivyotengana. Programu ya hesabu ikigoma, anayeumia ni mkulima.

Mara nyingi programu hugoma inapohamishwa. Iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta moja mjini Masasi, ikifika kwenye seva hukosa baadhi ya vitu inavyovitegemea, au huvikuta vya toleo jingine. Kontena ni dawa ya tatizo hilo.

Kontena ni nini?

Ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji. Kama winchi ya bandari ya Mtwara isivyojali kontena limejaa korosho au mabati, ndivyo seva inavyoendesha kontena lolote la programu kwa utaratibu uleule. Kontena halibebi mfumo endeshi mzima, bali hutumia kiini cha Linux kilichopo. Kwa hiyo huwaka haraka. Teknolojia hii ilienea baada ya Solomon Hykes kuitambulisha Docker nchini Marekani mwaka 2013.

Namna ya kuanza

Baada ya kuweka Docker, andika faili liitwalo Dockerfile, lenye maelekezo ya kuandaa programu yako. Amri ya “docker build” hutengeneza imeji, yaani kiolezo cha kontena. “Docker run” huiendesha imeji hiyo ikawa kontena.

Ili kuokoa gharama za intaneti, anza na imeji ndogo kama Alpine, isiyofika megabaiti 10. Aidha, “docker save” huiweka imeji katika faili moja linaloweza kubebwa kwa flashi hadi Newala, na “docker load” huipokea huko bila intaneti.

Tahadhari

Takwimu zilizoandikwa ndani ya kontena hupotea kontena likifutwa. Kumbukumbu za mizani na malipo zihifadhiwe nje yake, kwenye eneo liitwalo volyumu, na nakala zitunzwe kwingine. Kontena huundwa upya kwa dakika chache. Orodha ya malipo ya wakulima ikipotea, haiundiki upya kwa amri yoyote.