Damu, Mbu na Mipaka ya Lugha: Selimundu na Ushahidi wa Mageuko ya Binadamu Afrika Mashariki

Ushahidi wa mageuko ya viumbe unapotajwa katika Afrika Mashariki, msomaji hupelekwa moja kwa moja Olduvai, kwenye fuvu alilolifukua Mary Leakey mwaka 1959. Fuvu hilo lina uzito wake, lakini huonyesha kwamba mabadiliko yalitokea, si namna yalivyotokea. Namna uteuzi asilia unavyomfinyanga binadamu ilibainika katika eneo hilihili miaka michache kabla ya hapo, ndani ya damu ya watu walio hai.

Selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi. Aliyepokea jeni yake kwa wazazi wote wawili huugua, na kabla ya tiba za kisasa wengi wa namna hiyo walifariki utotoni. Aliyeipokea kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, naye kwa kawaida huishi bila ugonjwa. Hapo ndipo lilipokuwa fumbo: jeni inayoua watoto kizazi baada ya kizazi ilipaswa kufifia hadi kutoweka. Kinyume chake, mwaka 1949 H. Lehmann na A. B. Raper walichapisha vipimo vya Uganda vilivyoonyesha kwamba katika Bwamba, magharibi mwa nchi, wabebaji walikaribia 45 katika kila watu 100. Walitafuta maana ya tofauti hizo katika nasaba na uhamaji wa makabila. Ndiyo yaliyokuwa mazoea ya zama zile: kabila, lugha na damu vilihesabiwa kuwa kitu kimoja.

Mwaka huohuo Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alifuatana na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya, akachukua sampuli za damu za jamii mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi asilimia 20. Katika nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Wajaluo, wasemaji wa lugha ya Kinailoti, walikuwa nao wengi, kama walivyokuwa nao majirani zao Wabantu wa ziwani. Wakikuyu, ambao ni Wabantu vilevile lakini wa milimani, karibu hawakuwa nao. Nasaba ya lugha haikuweza kueleza mpangilio huo. Ramani iliyolingana nao ni ile ya mbu wa malaria.

Wazo la uhusiano na malaria halikuanza na Allison. Mwaka 1946 E. A. Beet, akiwa Rhodesia ya Kaskazini, alikuwa ameona kwamba vimelea vya malaria vilipatikana kwa nadra zaidi katika damu ya wabebaji. Allison alirudi mwaka 1953 kulipima. Kati ya watoto 290 wa Kiganda, wabebaji walikuwa 43, na 12 kati yao, yaani asilimia 27.9, walikuwa na vimelea. Kwa wale 247 wasio wabebaji, waliokuwa na vimelea ni 113, asilimia 45.7. Aliambukiza pia watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea: kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walipata malaria, kati ya wabebaji 15, ni wawili tu. Jinsi ridhaa ilivyopatikana chini ya utawala wa kikoloni ni swali linalostahili utafiti wake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 na hayakupokewa kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walifanya jaribio kama hilo la kuambukiza na hawakuona kinga yoyote. Shaka hiyo ilipungua kadiri vipimo vya watoto vilivyoongezeka, maana mwenye kuamua nani atafikia umri wa kuzaa ni malaria kali ya utotoni. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kwa mbebaji kinga dhidi ya malaria ya kawaida ni kama asilimia 50, na dhidi ya malaria kali hukaribia asilimia 90. Wakati huohuo Vernon Ingram alikuwa ameonyesha, mwaka 1956 na 1957, kwamba tofauti yote ya himoglobini hiyo ni asidi amino moja iliyoshika nafasi ya nyingine. Badiliko dogo, faida kubwa penye mbu, hasara kubwa kwa anayelirithi mara mbili: jeni hubaki, wala haienei kwa wote.

Kiswahili kina zana nzuri ya kueleza jambo hili. *Mageuzi* hutokana na *geuza*, kitenzi kinachodai mtendaji. *Mageuko* hutokana na *geuka*. Hakuna aliyewapangia watu wa Bwamba damu yao, hivyo *mageuko* ndilo neno linalofaa. *Mbebaji* lina matatizo zaidi, kwa sababu hutumika pia kwa mtu anayesambaza vimelea kwa wengine, na katika ushauri wa ndoa binti anayeitwa hivyo huweza kuogopwa kama mgonjwa wa kuambukiza. Waandaaji wa miongozo ya upimaji wa watoto wachanga wangefaa kutumia *mrithi wa jeni moja*, na kueleza mambo mawili yanayokosewa mara kwa mara: mtoto mgonjwa amepokea jeni kwa baba na kwa mama sawasawa, na wazazi wawili wa aina hiyo wana uwezekano wa moja kwa nne katika kila mimba, hata kama watoto watatu wa kwanza wamezaliwa wazima.