Negativi Ilibaki Goma

Nyumbani kwetu Kabuga tuna picha moja tu iliyovuka mpaka. Ni ya mraba, ndogo, inaenea kiganjani. Ina watu wanne mbele ya pazia lililochorwa ziwa na mitende: babu, nyanya, baba akiwa mtoto wa miaka sita hivi, na shangazi amevaa soksi nyeupe. Ilipigwa mwaka 1968, babu alipoteremka Goma kuuza ng'ombe na kuamua kwenda na familia yote. Nyanya aliitoa Masisi mwaka 1996, ameifunga kwenye fundo la kitenge pamoja na pesa. Pesa ziliisha njiani. Picha ikafika.

Nikiwa mtoto kambini Gihembe niliuliza maswali mawili. Kwa nini hii ni ya mraba na picha za wengine ni ndefu? Na kwa nini hawa watu wanatazama chini kidogo, kama vile wanamwangalia mpiga picha tumboni? Hakuna aliyenijibu. Jibu nililipata mwaka jana hapa Kabuga, kwa jirani yetu, mzee aliyekuwa fotografi Goma. Huku watoto wanamwita Gafotozi. Aliishika picha, akacheka.

“Hii ni ya kamera ya kuinama,” akasema. “Fotografi haangalii mbele, anaangalia chini mu kioo. Watu wanaangalia lenzi, na lenzi iko ku tumbo.”

Akaingia chumbani, akatoka na Yashica-Mat yake imefungwa kwenye taulo.

Kamera hiyo ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kuonea, ya chini ndiyo inayopiga. Mkanda wake ni namba 120, ule ambao Kodak waliutoa mwaka 1901 kwa ajili ya kamera yao ya Brownie namba 2, na hadi leo unatengenezwa. Mwaka 1929 Wajerumani wawili, Franke na Heidecke, walitoa Rolleiflex kule Braunschweig, na umbo lile la lenzi mbili likaenea duniani. Rolleiflex ilikuwa ghali. Baada ya vita vya pili Wajapani wakatengeneza za aina hiyo kwa bei nafuu. Yashica-Mat ilitoka mwaka 1957, na ndugu yake wa mwisho, 124G, aliuzwa kuanzia 1970 hadi katikati ya miaka ya 80. Mzee anasema Yashica ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake saba.

Mkanda mmoja unatoa picha kumi na mbili, kila moja sentimita 6 kwa 6. Kumbe ndiyo sababu ya mraba. Na negativi ikiwa kubwa hivyo, studio haikulazimika kuwa na mashine ya kukuza. Unalaza negativi juu ya karatasi ya picha, unamulika taa kidogo, unatia karatasi kwenye dawa, basi. Picha yetu ni ya namna hiyo: ukubwa wake ni ukubwa wa negativi yenyewe. Maana yake, karatasi ile aliyoibeba nyanya iliwahi kugusana na negativi, mwili kwa mwili.

Lakini mteja alipewa karatasi. Negativi ilibaki studio. Ukitaka nakala nyingine, urudi. Huo ulikuwa utaratibu wa biashara, na ni mzuri sana kwa watu wanaokaa mahali pamoja. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akairithi. Hazina ya picha zake imebaki Mji Mkongwe. Kwetu sisi mambo yalikwenda vingine. Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka na lava ikapita katikati ya Goma, tulikuwa tayari tuna miaka minne Gihembe. Tuliisikia redioni. Watu waliuliza habari za ndugu, za nyumba. Nyanya alinyamaza mpaka usiku, ndipo akasema: “Basi, hata negativi imekwenda.” Ile studio ilikuwa kwenye mtaa uliofunikwa.

Hatuko peke yetu. Samuel Fosso alikimbizwa utotoni na vita vya Biafra, akafungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mkanda ukibaki na nafasi chache baada ya wateja kuondoka, alijipiga mwenyewe, amevaa vizuri, akatuma picha kwa nyanya yake Nigeria amwone yuko salama. Leo picha hizo zinajulikana dunia nzima. Mwaka 2014 nyumba yake Bangui iliporwa na negativi zikatupwa nje. Waandishi wa habari ndio waliokota nyingi wakaziokoa. Na hapa Kigali, ukiingia Gisozi, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa 2004, kuna chumba cha picha za familia zilizotolewa na jamaa za waliouawa. Watu wa harusi, watu wa studio. Ukisimama pale unaelewa karatasi inaweza kubaki peke yake kuwa shahidi.

Sisi wakimbizi tumepigwa picha nyingi sana: za kadi, za kuandikishwa, za wageni waliokuja kututembelea kambini. Karibu zote zimebaki kwa waliozipiga. Ndiyo maana nikamwomba mzee anifundishe.

Kwanza alinikataza kuweka mkanda. Kamera iliyolala miaka mingi hupimwa tupu. Tulifungua mgongo, tukaangalia kupitia lenzi huku tukibonyeza kila mwendo wa shata. Ile ya sekunde moja ilikuwa inakwama, kwa sababu grisi ya zamani huganda, lakini za haraka zilikuwa nzima. Tukamulika lenzi kwa tochi kutafuta kuvu. Kisha kujifunza kuona: kwenye kioo kulia kunakuwa kushoto, mtu akienda huku unamfuata kule. Wiki nzima nilifuata mbuzi wa jirani, nikimpoteza.

Kuweka mkanda, ingia kivulini. Spuli tupu inakaa juu, mkanda mpya chini. Ingiza ncha ya karatasi kwenye spuli ya juu, zungusha mpaka mshale ulingane na alama za pembeni, funga, zungusha mpaka igote kwenye 1. Kwa mkanda wa 400, jua kali la saa sita ni f/16 na 1/500. Lakini jua hilo huchimba macho ya mtu. Mweke kwenye kivuli cheupe chini ya baraza, f/8 na 1/250. Ukimaliza ya kumi na mbili, zungusha mpaka karatasi yote ipite, ndipo ufungue, ulambe gundi, ufunge.

Hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Binamu yangu wa Marekani alinitumia mikanda mitatu, dawa na tangi. Shangazi alikuwa amepata tarehe ya kusafiri kwenda Kanada, zimebaki siku kumi na moja. Nikampiga mkanda mzima, amevaa mshanana. Nikafungua mgongo juani, karatasi ikiwa haijaisha, mkanda ukalegea. Tulipousafisha bafuni kwa mzee, ulikuwa mweusi karibu wote.

Niliogopa kumwambia. Aliposikia aliuliza tu: “Umebakiza mingapi?” Nikasema miwili. “Basi navaa tena.”

Safari hii alikaa na picha ya Goma mapajani. Mzee alisimama nyuma yangu bila kusema neno. Niliinama, na nikiwa nimeinama nikafikiria yule kijana wa 1968, sijui jina lake, aliyewainamia babu na nyanya vilevile. Shangazi aliitazama lenzi, chini kidogo.

Kumi na moja zilitoka vizuri. Nilikata mkanda vipande vinne, picha tatu tatu. Kimoja kiko Kabuga, kimoja kwa baba mdogo Mahama, kimoja kimekwenda kwa binamu. Cha nne shangazi alipanda nacho ndege. Alikifunga kwenye fundo la kitenge.