Mchwa ndani ya nyumba ya mbao: kabla ya kununua dawa

Mtu anagonga nguzo, inalia tupu: ndani mchwa wamekula, limebaki ganda. Wengi, iwe Bukavu ao Butembo, wanakimbia sokoni kutafuta dawa. Kwanza iangaliwe mchwa wanatoka wapi.

Kama vinjia vya udongo vinapanda kwenye fondasio ao ukuta, wanatoka chini. Kubomoa vinjia hakutoshi, watajenga vingine. Udongo ndio wa kutibu: mfereji mdogo unachimbwa kuzunguka nyumba, dawa inamwagwa, udongo unarudishwa. Kisima ao chemchemi ikiwa karibu, njia hii iachwe kabisa. Lakini kama hakuna vinjia, ila chembe kavu kama mchanga zinaanguka chini ya vitundu, hao wanaishi ndani ya mbao yenyewe. Kumwaga dawa chini ni kupoteza pesa. Mbao hiyo itolewe, ichomwe.

Mafuta ya vidanje yanapendwa sababu ya bei. Yanawakawiza mchwa kidogo tu, hayaingii ndani sana, yanashika moto, tena yanachafua udongo. Kichuguu cha uani kinaweza kuchimbwa, lakini malkia akibaki, kazi ni bure.

Dawa iliyotiwa katika chupa ya maji, bila karatasi ya maelezo, isinunuliwe hata ikiwa rahisi. Mtoto ataidhani kinywaji.

Anayejenga sasa iko na bahati: aweke nguzo juu ya mawe ao simiti, isiguse udongo. Mchwa wakipanda, vinjia vyao vitaonekana mapema.